Sherehe za Umma Zipangwe kwa Mizunguko Mifupi: Jaribu Mapema, Rekebisha Mapema

Ifuatayo ni mada iliyotolewa kwa kamati za maandalizi za wadi, vikundi vya vijana na kina mama, na wakazi wanaojiandaa kwa siku za utamaduni, michezo na maonyesho ya mazao.



Barabara ikitengenezwa vibaya, mkandarasi anaweza kurudishwa airekebishe. Zahanati ikikosa mlango, mlango utawekwa mwezi unaofuata. Sherehe haina nafasi hiyo. Siku ikifika, watu wameshakuja, wageni wameketi na ngoma imeanza. Kilichosahaulika kimesahaulika, na maji yakimwagika hayazoleki. Hema lililokodiwa litalipwa hata kama lilibaki tupu. Mama aliyepika sufuria tatu za pilau kwa kuambiwa watakuja watu 5,000 atabaki nazo iwapo watakuja 800, na deni la chama chake litamngoja nyumbani.

Kwa hiyo kazi kubwa ya kamati ni kuyagundua makosa kabla ya siku yenyewe, wakati bado ni madogo na hayajala pesa nyingi. Mada hii inaeleza njia moja ya kufanya hivyo: kupanga kwa mizunguko mifupi. Kamati hufanya sehemu ndogo ya kazi, huijaribu mahali penyewe na watu wenyewe, hutazama matokeo, hurekebisha, kisha huendelea na mzunguko unaofuata.

Njia hii ilitoka wapi

Mwaka 1986 wataalamu wawili kutoka Japani, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, waliandika katika jarida la Harvard Business Review kuhusu kampuni kama Honda na Canon, ambazo zilikuwa zikitengeneza bidhaa mpya kwa kasi. Walieleza kwamba katika kampuni hizo kazi haikupitishwa kutoka idara moja hadi nyingine kama kijiti cha mbio za kupokezana. Timu nzima ilisonga mbele pamoja ikipasiana, kama wachezaji wa raga.

Februari 2001, watengenezaji 17 wa programu za kompyuta walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani. Walikuwa wamechoshwa na miradi inayopangwa kwa miaka, ikaandikiwa majalada mazito, kisha ikamfikia mteja ikiwa haimfai. Wakakubaliana juu ya mambo manne: kuwathamini watu na mazungumzo yao kuliko taratibu, kuthamini kitu kinachofanya kazi kuliko makaratasi mengi, kushirikiana na mteja kuliko kubishania mkataba, na kukubali mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Njia hiyo ikaitwa ajaili, yaani wepesi wa kugeuka. Hawakusema mipango na mikataba haina maana. Walisema ina maana ndogo kuliko yale mengine.

Ilianza katika kompyuta, lakini wazo lake si geni kijijini. Fundi wa nguo humwita mteja ajaribishe kabla ya kushona mshono wa mwisho. Mkulima mwangalifu hupanda mbegu mpya kwenye kipande kidogo kabla ya kuipanda shamba zima. Kamati ya sherehe nayo inaweza kufanya hivyo hivyo.

Mambo yasiyobadilika na yanayobadilika

Kosa la kwanza ni kudhani kuwa wepesi wa kugeuka ni ruhusa ya kubadilisha kila kitu kila siku. Kamati inayofanya hivyo huwachosha watu na kupoteza imani yao. Katika kikao cha kwanza, kamati iandike orodha mbili.

Orodha ya kwanza ni ya mambo yasiyobadilika: tarehe, kiwango cha juu cha pesa, usalama wa watu, na masharti ya sheria. Tarehe ichaguliwe kwa uangalifu kwa sababu haitasogezwa. Je, itaangukia mvua za masika, kati ya Machi na Mei, au za vuli, kati ya Oktoba na Desemba? Je, ni wakati wa mitihani ya kitaifa, wa Ramadhani, au wa kupanda? Je, itagongana na siku ya soko na kuwanyima wachuuzi riziki yao, au soko litaisaidia sherehe kupata watu?

Orodha ya pili ni ya mambo yanayoweza kubadilika: idadi ya mahema, mpangilio wa vibanda, urefu wa hotuba, vikundi vya ngoma, mapambo, fulana, chakula cha wageni. Hapa ndipo kamati inapojifunza na kugeuka.

Orodha hii ya pili ipangwe kwa umuhimu, kuanzia kile ambacho bila hicho hakuna sherehe. Kwa kawaida vitangulie uwanja salama, maji na vyoo, huduma ya kwanza, vipaza sauti vinavyosikika, na wale ambao sherehe ni yao: wacheza ngoma, wakulima, wanamichezo, mafundi wa kazi za mikono. Mapambo na fulana vije mwisho. Pesa zikipungua, kamati ikate kutoka chini ya orodha kwenda juu. Kamati nyingi hufanya kinyume. Fulana huchapishwa wiki ya kwanza kwa sababu ni rahisi kuagiza, na vyoo hukumbukwa siku mbili kabla, wakati hakuna tena pesa wala gari la kuvileta.

Kanuni ya kushika ni hii: kila mzunguko uache sherehe inayoweza kufanyika. Mwisho wa mzunguko wa pili, iwe inawezekana kufanya sherehe ndogo sana lakini salama. Mwisho wa wa tatu, iwe bora kidogo. Hivyo, hata pesa za awamu ya mwisho zikichelewa, wananchi hawatakuta uwanja mtupu.

Mfano wa wiki 12

Chukua kamati ya wadi yenye wiki 12 kabla ya siku ya utamaduni na mazao. Wiki hizo zigawanywe katika mizunguko sita ya wiki mbili mbili.

Mzunguko wa kwanza ni wa uwanja. Wanakamati waende uwanjani saa ile ile ambayo sherehe itafanyika, wasiridhike na kuuchora wakiwa ofisini. Wataona jua liko wapi. Ikiwa watazamaji wataelekea magharibi, jua la saa tisa alasiri litawachoma machoni. Heri jukwaa ligeuzwe sasa, wakati bado ni mstari tu kwenye vumbi. Wataona pia maji ya mvua yanakopita na kama lori la kuleta viti linaweza kuingia.

Katika mzunguko huo huo, mkazi anayetumia kiti cha magurudumu aombwe kutoka steji ya bodaboda hadi mahali pa kuketi, na baadaye hadi chooni. Akikwama mara tatu, hizo ni kazi tatu za kuandikwa. Ibara ya 54 ya Katiba inawapa watu wenye ulemavu haki ya kufika mahali pa umma kwa njia inayofaa, na jaribio la nusu saa hufundisha kuliko kikao cha siku nzima.

Mzunguko wa pili ni wa sauti na vyoo. Vyombo vya sauti vifungwe kwa saa moja na kikundi kimoja tu cha ngoma kicheze. Mwanakamati mmoja asimame nyuma kabisa, mwingine asimame kwa majirani: shuleni, msikitini, kanisani, hospitalini. Udhibiti wa kelele ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, kwa hiyo kibali kiulizwe wakati huu, kisingoje wiki ya mwisho.

Mzunguko wa tatu ni wa vibanda. Wachuuzi kumi, wakiwemo mama mboga na wauzaji wa chakula, wapange biashara yao uwanjani siku moja ya kawaida. Maji yalitosha? Taka zilijaa wapi? Moshi wa jiko ulielekea kwa nani? Wachuuzi wenyewe ndio watakaosema kibanda cha mita mbili hakitoshi sufuria na mteja.

Mzunguko wa nne ni wa lango, huduma ya kwanza na njia ya ambulensi. Wa tano ni mazoezi kamili: ratiba yote ipitishwe kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa saa, hata kama hotuba zitasomwa na mwanafunzi. Hapo ndipo itakapoonekana kwamba hotuba tisa za dakika 15 ni zaidi ya saa mbili, na watoto waliofundishwa ngoma kwa miezi miwili watacheza jioni watu wakiwa wameondoka.

Mzunguko wa sita hauongezi jambo jipya. Kazi yake ni kumalizia na kuthibitisha. Wazo zuri likija wiki ya mwisho, liandikwe kwa ajili ya mwaka ujao.

Kila mzunguko ukiisha, kamati ijibu maswali matatu mbele ya wakazi: Nini kimejaribiwa? Nini kimeonekana? Nini kitabadilika? Badiliko lolote lifikishwe siku hiyo hiyo kwa yule linayemgusa. Saa ya kuanza ikisogezwa, mpishi, dereva wa matatu na mwalimu wa kwaya wasiwe wa mwisho kujua.

Ubao na kikao cha kusimama

Zana za njia hii ni rahisi. Ya kwanza ni ubao wenye safu tatu: Bado, Inafanywa, Imekwisha. Kila kazi iandikwe kwenye kipande cha karatasi pamoja na jina la mtu mmoja anayehusika. Neno "kamati" lisiandikwe, kwa sababu kazi ya wote huishia kuwa kazi ya hakuna mtu. Karatasi isogezwe kazi inaposonga. Mtindo wa kadi za kazi ulipata umaarufu katika viwanda vya magari vya Toyota, lakini utafanya kazi vilevile kwenye ukuta wa ofisi ya msimamizi wa wadi, mahali ambapo kila apitaye anaona.

Karatasi isihamie safu ya Imekwisha mpaka kuwe na ushahidi. "Vyoo vimeagizwa" bado si imekwisha. Vyoo viwe vimefika, vimehesabiwa na vina maji.

Zana ya pili ni kikao kifupi cha kusimama, dakika 15, mara moja au mbili kwa wiki, na kila siku katika wiki ya mwisho. Kila mmoja aseme alichomaliza, anachofanya sasa, na kilichomkwamisha. Mabishano marefu yahamishiwe kando kwa wale wawili yanayowahusu. Kikao cha kusimama hakina chai wala posho, na hicho pia ni kipimo cha nani amekuja kufanya kazi.

Lango: mahali pasipo na nafasi ya kubahatisha

Katika sherehe yoyote ya umma, msongamano ndio hatari kubwa. Tarehe 29 Oktoba 2022, watu 159 walipoteza maisha katika mtaa wa Itaewon, Seoul, Korea Kusini, kwa kubanana kwenye kichochoro. Watu wanaposimama zaidi ya watano katika mita moja ya mraba, mtu hana tena uwezo wa kuamua aelekee wapi, umati humbeba.

Hesabu ya lango inaweza kufanywa na mwanafunzi wa shule. Katika mzunguko wa nne, vijana wapitishwe langoni huku wakikaguliwa kama itakavyokuwa siku yenyewe, na wahesabiwe kwa dakika tano. Tuseme wamepita 40. Kwa saa moja watapita 480. Ikiwa watu 5,000 wanatarajiwa kuingia kwa saa mbili, ni watu 2,500 kwa saa. Milango mitano itapitisha 2,400 tu, kwa hiyo inahitajika sita. Kamati iliyopanga milango miwili imegundua kosa lake wiki nne kabla, na hakuna aliyeumia. Milango ya kutokea ihesabiwe pia, kwa maana watu huingia kidogo kidogo lakini hutoka wote kwa pamoja, hasa mvua ikianza.

Kuna funzo la karibu. Agosti 2025, Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa pamoja mashindano ya kandanda ya CHAN. Baada ya watu wasio na tiketi kuingia uwanjani Kasarani katika mechi za mwanzo, shirikisho la CAF lilipunguza idadi ya mashabiki katika mechi ya Kenya na Zambia hadi 27,000 na kutaka tiketi za kielektroniki pekee. Mashindano ya mwezi mzima yana bahati moja: mechi ya leo hufundisha ya wiki ijayo. Sherehe ya siku moja haina mechi ya pili, kwa hiyo mazoezi ndiyo mechi yake ya kwanza. Wenyeji wa Olimpiki hulijua hilo. Mbio za baiskeli za London 2012 zilitanguliwa na mbio za majaribio Agosti 2011, mwaka mzima kabla, katika barabara za London na Surrey.

Pesa za umma na sheria

Hapa tahadhari inahitajika. Kupanga kwa mizunguko hakumpi yeyote ruhusa ya kununua kwa vipande vipande. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inakataza kugawa ununuzi mmoja kuwa midogo midogo kwa nia ya kukwepa utaratibu wa zabuni. Afisa anayenunua viti mara nne kwa kisingizio cha mizunguko minne anavunja sheria, na mwananchi ana haki ya kumuuliza.

Njia halali ipo. Sheria hiyo inaruhusu makubaliano ambamo bei ya kila kitu hushindaniwa na kukubaliwa mapema, kisha kiasi huagizwa kadiri ya mahitaji. Bei ya hema moja, kiti kimoja na choo kimoja cha kubebeka inajulikana tangu mwanzo. Idadi huthibitishwa baada ya majaribio, kwa tarehe iliyoandikwa kwenye makubaliano. Kwa hiyo maafisa wa ununuzi waketi na kamati tangu mzunguko wa kwanza, wasiitwe mwishoni kutia sahihi tu. Nafasi za biashara zilizotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, asilimia 30 ya zabuni za serikali, nazo zitangazwe mapema ili vikundi vipate muda wa kujiandaa.

Ibara ya 201 ya Katiba inataka uwazi, uwajibikaji na ushiriki wa umma katika masuala yote ya fedha. Kikao cha mwisho wa kila mzunguko ni mahali pazuri pa kutimiza hilo. Mkazi huulizwa maoni yake mara sita, kila mara wakati maoni hayo bado yanaweza kubadilisha jambo. Akiulizwa mara moja tu, mwishoni, mara nyingi mambo yatakuwa yameshaamuliwa.

Baada ya sherehe

Ndani ya siku saba, kabla kumbukumbu hazijafifia, kamati ikutane na wachuuzi, polisi, wahudumu wa afya, wacheza ngoma, wasafishaji na majirani. Swali lisiwe nani alaumiwe. Liwe: nini kiendelee, nini kiachwe, nini kijaribiwe mara ijayo. Majibu yaandikwe kwenye kurasa mbili au tatu pamoja na hesabu halisi: watu waliopita langoni, mahema yaliyotumika na yaliyobaki tupu, lita za maji, pesa zilizotumika.

Karatasi hiyo ni mali ya umma kama vile trekta la kaunti. Kongamano la Ugatuzi limehama kaunti hadi kaunti tangu lile la kwanza lililofanyika Kwale mwaka 2014: Kisumu, Meru, Kakamega, Makueni, Homa Bay na kwingineko. Sherehe za kitaifa nazo zimezunguka nchini. Kila mara timu mpya hushika usukani. Bila kumbukumbu iliyoandikwa, kamati mpya huanza upya na kununua kwa pesa za umma funzo lile lile ambalo wenzao walishalilipia.

Kazi ya mkazi

Mkazi asingoje siku ya sherehe ili alalamike. Afike kwenye vikao vya mwisho wa mzunguko. Aombe kuona vitu vitatu: ubao wa kazi, orodha ya mambo kwa umuhimu, na kumbukumbu ya sherehe iliyopita. Ajitolee kuwa mtu wa majaribio, apite langoni, apike kwenye kibanda, asimame nyuma asikilize sauti. Akiona ufa, auseme ungali ufa, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na kamati ikumbuke kwamba atakayeisikiliza mapema anaiokoa. Mzee anayesema uwanja ule hujaa maji mwezi wa Novemba, au mama anayesema vyoo viko mbali na mahali pa watoto, amefanya kazi ambayo hakuna mshauri wa kulipwa angeifanya vizuri zaidi. Maneno yake yaandikwe kwenye kipande cha karatasi, yawekwe ubaoni, na yapewe mtu wa kuyashughulikia kabla ya mzunguko kuisha.